Kupanga mlo wa familia kwa wiki nzima: kuanzia daftari hadi sahani

Kila ikifika katikati ya mwezi naulizwa maswali yale yale. "Nianzie wapi?" "Mbona chakula kinameza hela na bado hatuli vizuri?" "Watoto hawataki kuona mboga, nifanyeje?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, kwa hiyo nimeyaweka yote hapa kwa mpangilio. Jipe wiki 6: 2 za kuandika tu, na 4 za kujaribu. Mwishoni utakuwa na ratiba inayolingana na mfuko wako, na ambayo walaji wako hawaigomei.

Wengi wakitaka kubana matumizi huanza kwa kufyeka matunda, mboga na kitoweo, kwa kuwa ndivyo vinavyoonekana haraka kwenye orodha. Mara nyingi wanaziba pasipovuja. Hela nyingi za chakula hupotea saa 12 jioni: umechoka, watoto wana njaa, jikoni hakuna kilichoandaliwa, basi unanunua chochote kilicho karibu kwa bei yoyote utakayotajiwa. Hatua zote zilizo hapa chini zina kazi moja tu: uamuzi wa "leo tunakula nini" ufanyike siku umetulia na umeshiba.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari na kalamu. Simu inafaa pia, lakini daftari linaloning'inia jikoni huandikwa na kila mtu, simu huandikwa na mwenye simu.
- Kikombe kimoja cha kupimia, kile kile kila siku. Ukiwa na mizani ya jikoni ni bora zaidi.
- Vyombo 4 au 5 vyenye mifuniko inayobana.
- Bahasha 3, au akaunti 3 ndogo kwenye simu.
- Nusu saa ya kukaa na mwenzako, au na yeyote mnayechangia matumizi ya nyumba. Hili ndilo watu huliruka, halafu wanashangaa mpango umekufa siku ya nne.

Usinunue kifaa chochote kipya kwa ajili ya kazi hii. Mtu anayeanza kubana matumizi kwa kununua seti ya vyombo vya plastiki ameanza kwa hasara.

Hatua ya 1. Andika siku 14 bila kubadili chochote

Andika kila hela inayotoka kwa ajili ya kula au kunywa. Nasema kila hela: sokoni, dukani, chakula cha kazini, vitafunwa vya watoto, soda, maji ya chupa, na kile kilicholetwa mlangoni usiku mlipokuwa mmechoka. Chora safu tano: tarehe, kitu, kiasi, nani alinunua, na kwa nini. Safu ya mwisho ndiyo yenye faida kuliko zote. Jaza kwa neno moja tu: njaa, kuchelewa, kimeisha, mgeni, hamu.

Kwenye ukurasa wa pembeni andika pia kilichotupwa. Wali uliochacha, mboga zilizonyauka, maziwa yaliyoganda. Kiswahili kina akili hapa, maana aliyeishiwa hela naye tunasema amechacha. Na wala hauko peke yako: ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) ya mwaka 2024 ilikadiria kuwa mwaka 2022 kaya duniani zilitupa tani milioni 631 za chakula, takriban kilo 79 kwa kila mtu, zikiwemo sehemu zisizolika kama maganda na mifupa.

Baada ya siku 14, jumlisha kwa safu ya "kwa nini". Nilipofanya hivi mara ya kwanza niliapa kwamba tatizo letu ni mafuta ya kupikia, kwa sababu kila mara nilisikia yameisha. Daftari likanionyesha kitu kingine: mimi na mwenzangu tulikuwa tunanunua mkate kila mmoja kwa wakati wake, bila kuambizana, na mmoja kati ya mitatu uliota ukungu. Mafuta yalikuwa yamesingiziwa tu.

*Makosa ya kawaida:* la kwanza, kuanza kubana matumizi ndani ya siku hizi 14. Ukijua unajitazama utajitengeneza, na takwimu utakazopata hazitakuwa za nyumba yako. La pili, kuligeuza daftari kuwa hati ya mashtaka. Siku mtu atakapoulizwa kwa ukali "hii soda ya Jumatano ni ya nani?", ndiyo siku ya mwisho ya kupata takwimu za kweli.

Hatua ya 2. Kagua kabati kabla ya kupanga

Toa kila kitu nje. Kilicho karibu kuharibika kiweke mbele, kipya kiweke nyuma. Andika orodha ya vilivyopo na uibandike kwenye mlango wa kabati. Milo ya kwanza miwili ya wiki itatoka kwenye orodha hiyo, si sokoni.

Soma tarehe za kwenye pakiti kwa makini, maana kuna za aina mbili. "Bora kabla ya" inazungumzia ubora: mchele, tambi au biskuti vilivyopita tarehe hiyo kidogo, vikiwa vikavu na havina wadudu, kwa kawaida bado vinalika. "Itumike kabla ya" inazungumzia usalama, hasa kwa nyama, samaki na vyakula vya maziwa. Hiyo usiifanyie mzaha.

Hatua ya 3. Gawa fedha mafungu matatu

Chukua jumla ya siku 14 na uizidishe mara mbili upate makadirio ya mwezi. Kisha tazama hela zilizotoka kwa sababu ya "kuchelewa" na "hamu", na upunguze nusu yake. Nusu, si zote. Anayefuta zote mwezi wa kwanza huzirudisha zote mwezi wa pili, tena na riba.

Kiasi kilichobaki kigawe hivi: kwenye kila sehemu 100, weka 55 kwenye bahasha ya vyakula vikavu (nafaka, unga, maharage, dengu, mafuta, chumvi), 35 kwenye bahasha ya vibichi (mboga, matunda, mayai, maziwa, nyama au samaki), na 10 za dharura na wageni. Huu ni mgawanyo wa kuanzia tu. Baada ya mwezi mmoja daftari lako litakuambia pa kurekebisha.

Kuna watu huniuliza, "Kwani kawaida familia hutumia asilimia ngapi ya kipato kwa chakula?" Swali hili halina jibu la kukusaidia. Mwaka 1857 mtakwimu wa Kijerumani, Ernst Engel, alionyesha kwamba kadiri kipato kinavyokuwa kidogo, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya kipato hicho inavyoishia kwenye chakula. Asilimia yako ikiwa juu kuliko ya jirani, huenda inaeleza kipato chako na si ulafi wako. Jilinganishe na mwezi wako uliopita.

Kama kipato hakina tarehe, leo kipo kesho hakuna, panga bajeti kwa kufuata mwezi ulio dhaifu kuliko yote kati ya mitatu iliyopita. Na siku hela inapoingia, jaza bahasha ya vikavu kwanza. Mchele na maharage kabatini ni akiba isiyoweza kukopwa na mtu kwa simu.

Hatua ya 4. Panga milo mitano, si saba

Chora jedwali la siku 7. Jaza milo ya jioni mitano tu. Siku moja iache kwa ajili ya kiporo, na siku moja iache wazi kabisa, kwa sababu lazima kuna siku umeme utakatika, mgeni ataingia, au mtaalikwa mahali.

Kati ya ile mitano, mitatu iwe ile mnayoila siku zote na hakuna anayenung'unika. Mmoja uwe wa haraka, usiozidi dakika 20, na uuweke siku ile ambayo daftari linaonyesha mnachelewa kurudi. Mmoja tu ndio uwe wa kujaribu kitu kipya. Mtu aliyesoma makala moja ya lishe akabadili milo yote saba kwa mpigo, nampa siku tatu.

Kifungua kinywa usikisumbue akili: chagua aina mbili na mzipokezane. Chakula cha mchana cha kubeba kazini au shuleni kitoke kwenye sufuria ya jana yake.

Hatua ya 5. Rekebisha sahani badala ya kubadili vyakula

Hapa ndipo watu hudhani chakula bora ni lazima kiwe cha ajabu na cha gharama. Hapana. Chukua chakula kile kile mnachokula, kisha badilisha ukubwa wa mafungu kwenye sahani: nusu iwe mboga na matunda, robo iwe wanga (wali, viazi, mkate, tambi), robo iwe protini (maharage, dengu, mayai, samaki, nyama). Kwenye nyumba nyingi wanga hujaza zaidi ya nusu ya sahani na mboga ni kijiko cha pembeni. Anza kwa kuongeza kijiko cha pili.

Vipimo vichache vya kukuongoza wakati wa kununua na kupika:

- Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku kwa kila mtu kuanzia miaka 10. Watoto wa miaka 6 hadi 9 wapate gramu 350, wa miaka 2 hadi 5 gramu 250. Viazi, mihogo na mizizi mingine ya wanga haihesabiwi humo.
- Chumvi isifike gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, yaani isijae kijiko kimoja cha chai, ukijumlisha iliyomo kwenye mkate, viungo vya pakiti na supu za unga. Nunua yenye madini joto.
- Sukari ya kuongezwa isizidi takriban gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima. Soda moja ya mililita 330 huwa na gramu kama 35. Kabla hujakata kitu kingine chochote kwenye bajeti, kata soda. Ni hela na afya kwa pigo moja.
- Mchele mkavu: gramu 75 hadi 100 kwa mtu mzima kwa mlo. Ukiiva uzito wake huongezeka karibu mara tatu.
- Maharage makavu: gramu 60 hadi 75 kwa mtu mzima. Yakiiva uzito huzidi mara mbili.

Pima kwa kikombe chako kwa wiki moja. Ukishajua kwamba nyumba yako hushiba kwa vikombe vitatu vya mchele na si vinne, kile kikombe cha nne ndicho kilichokuwa kinachacha.

Maharage na dengu ndiyo protini ya kuokoa bajeti, lakini madini ya chuma yaliyomo humo hufyonzwa kwa shida kuliko yale ya nyama. Yapikie nyanya, yakamulie ndimu, au mle na tunda chachu: vitamini C huusaidia mwili kuyafyonza. Chai na kahawa hufanya kinyume, kwa hiyo zisogeze mbali na mlo kwa saa moja hivi. Ushauri huu hauongezi hata senti kwenye gharama.

*Tahadhari:* maharage mekundu makavu yasipoiva vizuri yana sumu inayosababisha kutapika na kuharisha. Yaloweke angalau saa 5, mwaga yale maji, kisha yachemshe kwa moto mkali yatokote kwa dakika 10 au zaidi kabla ya kupunguza moto. Moto wa chini peke yake hautoshi. Tena, mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe asali, na watoto wadogo wasipewe karanga nzima kwa sababu zinaweza kuwakaba.

Hatua ya 6. Andika orodha, kisha nenda ukanunue

Orodha itoke kwenye jedwali la Hatua ya 4, ukiondoa vilivyomo kabatini. Iandike kwa makundi unavyovikuta sokoni, ili usizunguke mara tatu; kila mzunguko unakuuzia kitu. Kula kwanza. Anayenunua na njaa hununua kwa macho.

Linganisha bei kwa kilo, si kwa pakiti. Gawanya bei kwa gramu, kisha zidisha kwa 1,000. Tuseme pakiti ya gramu 400 inauzwa 600 na ya kilo moja inauzwa 1,400. Ndogo inakuja 1,500 kwa kilo, kwa hiyo kubwa ina nafuu, mradi mtaimaliza kabla haijaharibika. Kununua kwa jumla ni faida kwa vyakula vikavu. Kwa mboga za majani ni kununua takataka kwa bei nafuu.

Matunda na mboga chagua za msimu. Zile zilizopinda au zenye alama kwenye ganda huuzwa kwa bei ya chini na ndani hazina tofauti. Kama huna friji, gawa bahasha ya vibichi mara tatu kwa wiki badala ya kwenda mara moja.

Hatua ya 7. Pika mara moja, mle mara mbili

Chagua siku moja yenye nafasi. Chemsha maharage ya milo miwili au mitatu, kaanga kitunguu na nyanya za kutosha sufuria mbili, osha na kukausha mboga. Huhitaji kupika wiki nzima kwa siku moja. Unachotaka ni kwamba saa 12 jioni kazi iliyobaki iwe ya nusu saa.

Maharage yale yale Jumatatu yanakuwa mchuzi, Jumatano yanapondwa na kukaangwa, Alhamisi yanaingia kwenye supu ya mboga. Watu hawachoki na maharage, wanachoka na ladha moja.

Kiporo nacho kina masharti yake:

1. Chakula kilichoiva kisikae nje zaidi ya saa 2. Kigawe kwenye vyombo vifupi kipoe haraka, kisha kiingie kwenye friji, yenye nyuzi joto 5 au chini.
2. Vyakula vingi vilivyopikwa vinakaa salama kwenye friji siku 3. Wali ni mkorofi zaidi, umalize ndani ya siku moja, kwa sababu una vijidudu vinavyostahimili kuchemshwa na vinavyozaliana ukikaa nje.
3. Pasha moto mpaka katikati kuwe na nyuzi 70 au zaidi: mchuzi utokote, wali utoe mvuke kila mahali. Pasha kile kitakacholiwa tu, na kwa mara moja.
4. Andika tarehe kwenye mfuniko. Kipande cha karatasi na gundi kinatosha.

Bila friji, pika kinachoisha siku hiyo hiyo. Kulala na sufuria ya mchuzi jikoni na kuichemsha asubuhi si njia salama, maana baadhi ya sumu za vijidudu haziondoki kwa kuchemsha.

Hatua ya 8. Mezani

Mlo mmoja kwa siku mle pamoja, simu zikiwa mbali. Weka mboga mezani kwanza, wakati njaa bado kali. Mwisho wa wiki, dakika 10: nini kilibaki, nini kiligombaniwa, bahasha ipi imeisha mapema. Andika, kisha panga wiki inayofuata.

Mambo yakikwama

*Mtoto hagusi mboga.* Usimlazimishe wala usimhonge kwa peremende. Mtoto anaweza kuhitaji kukutana na chakula kipya mara 10 au zaidi kabla ya kukikubali. Mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, aligawa kazi hivi: mzazi huamua nini, lini na wapi, mtoto huamua ale au asile, na kiasi gani. Mwekee kijiko kimoja, pembeni kuwe na kitu kimoja anachokipenda, halafu nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu.

*Mwenzangu hataki habari ya bajeti.* Usimpe hotuba. Mwonyeshe jumla ya siku 14 na umwombe achague milo miwili kati ya mitano. Aliyechagua hulalamika kidogo.

*Bahasha ya vibichi inaisha siku ya nne.* Mara nyingi ni nyama. Kata kiasi cha nyama nusu na ujazie dengu au maharage kwenye sufuria ile ile, kabla ya kuchukua hela kwenye bahasha nyingine.

*Wageni hawaishi.* Ongeza fungu la dharura lifike 15 na upunguze vikavu. Tena weka kabatini mlo mmoja wa dharura ambao hauguswi: tambi, dengu, samaki wa kopo.

*Tunanunua chakula cha nje kila Ijumaa.* Kiweke kwenye jedwali na ukipangie hela yake. Kinachoharibu hesabu ni kile cha Jumanne kilichokuja bila taarifa.

*Wiki ya kwanza imenishinda kabisa.* Usirudi Hatua ya 1, daftari lako bado lina kazi. Rudi Hatua ya 4, panga milo mitatu badala ya mitano, na siku nyingine mle kama mlivyozoea. Wiki ijayo ongeza mmoja.